Moja, Sita, Nusu

Nyumbani kwa Bi Fikriya, kengele ya shule ilikuwa harufu ya unga. Kila asubuhi, moto wa tanuri ulipokolea, alijifunga kitambaa chake cha zamani kichwani na kuita, "Darasani!" Watoto wake watatu walikuja kukaa kwenye mkeka, mlangoni mwa jiko, na kichochoro chetu chote kinachopanda kuelekea mlima Sabir kilijua kwamba masomo yameanza.

Shule ya mtaa ilikuwa imejaa familia zilizokimbia vita. Kila darasa lilikaliwa na nyumba mbili, zimetenganishwa kwa shuka. Shule nyingine ilikuwa ng'ambo ya barabara ya wadunguaji, na hakuna mama mjini kwetu Taizi aliyekuwa tayari kumvusha mtoto pale kwa sababu ya hesabu. Baba wa watoto, Bwana Abdulqawi, alikuwa akifanya kazi upande wa pili wa mapigano, na kuja nyumbani kulimlazimu kuzunguka milima siku nzima. Basi Bi Fikriya, aliyekuwa mwalimu kabla ya vita, alifundisha wanawe jikoni huku akioka mikate yake na ya majirani waliokosa kuni.

Mama alitazama moto, watoto walitazama mgongo wake. Alibandika kinyunya ukutani mwa tanuri, pa! akauliza swali bila kugeuka, na watoto wakajibu kwa pamoja.

"Tisa mara saba?"

"Sitini na taaatu!"

"Sauti! Nataka Bi Zaafarani asikie kule kwake!"

Na kutoka ng'ambo ya ukuta jirani akajibu, "Nimesikia, mwalimu! Sitini na tatu! Sasa niacheni nilale kidogo, jamani!"

Kwa Bi Fikriya, sauti ikiwa kubwa, somo limeingia. Hapo ndipo Ulfat, binti yake mkubwa, alipopata mwanya.

Ulfat alikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyeamka kabla ya wote kupanga madumu kwenye foleni ya maji, na alipofika darasani mabega yalikuwa yanawaka. Aligundua kwamba mtu hahitaji kujua jibu lote. Akifungua mdomo na wenzake, akasubiri, kisha akadaka neno la mwisho na kulivuta kwa nguvu, mama anaridhika. Basi alidaka mikia tu. Muadhi, wa miaka tisa, alijibu alichokijua na kunyamaza alichokosa. Aliyejibu yote, tena kwa sauti kuliko wote, alikuwa Arwa.

Arwa alikuwa na miaka sita na hakuhesabiwa kuwa mwanafunzi. "Wewe kaa pale ucheze, usisumbue wakubwa," mama alimwambia kila siku. Alikaa na mwanasesere wake Nuna, aliyeshonwa kwa soksi ya baba, na midomo yake haikutulia.

Kisha kipindupindu kikaingia mtaani. Wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba wakieleza jinsi ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi ya kumpa mgonjwa ili asikauke. Bi Fikriya aliliingiza jambo hilo darasani siku ileile, likaimbwa kila asubuhi kama hesabu. Ulfat, akiwa amechoka na macho yake yakiwa kwenye mikate, alidaka mikia yake: "...moja! ...sita! ...nusu!"

Asubuhi moja harufu ya unga haikuja.

Siku mbili kabla yake, Bi Fikriya alikuwa amefua nguo za kikongwe mmoja aliyeugua, maana kikongwe huyo hakuwa na mtu mwingine. Sasa Ulfat alirudi kutoka kwenye foleni akamkuta mama yake chini, mlangoni mwa choo, ameegemea ukuta. Alikuwa ameharisha na kutapika tangu alfajiri. Macho yalikuwa yamezama, midomo imepauka, na alipojaribu kusema, sauti ilitoka kama ya mtu aliye mbali sana.

Ulfat alipiga ukuta kwa ngumi zote mbili. "Bi Zaafarani! Bi Zaafarani, njoo! Mama!"

Bi Zaafarani alifika bila viatu. Mwanamke huyu mnene alijua nani kaoa, nani kaachwa na nani kanunua nyama, lakini habari hii ilimpita. "Fikriya! Shoga yangu! Jana tu umenisema kwa ajili ya kuni zangu mbichi, leo ndiyo nini hii?"

Walimlaza kwenye godoro. Bi Zaafarani alitoka kutafuta gari, akarudi akihema. Barabara ya kwenda kituo cha matibabu ilikuwa imefungwa. Risasi zilikuwa zikilia tangu asubuhi na dereva wa Hilux amesema hasogei mpaka kutulie. Duka la dawa lilikuwa ng'ambo ya barabara hiyohiyo.

"Tutampa yale maji," alisema. "Ulfat, kipimo unakijua?"

Aliyeulizwa alikuwa binti wa mwalimu. Akamwona Muadhi anamtazama.

"Nakijua," alisema.

"Alhamdulillahi! Basi tengeneza, mnyweshe. Mimi nawachukua hawa wadogo kwangu wasije wakaambukizwa, kisha namrudia yule dereva nimng'ang'anie. Nawa mikono kwa sabuni, mwanangu, usisahau." Akamkamata Muadhi mkono, akambeba Arwa na Nuna wake. Arwa alikuwa analia akiita mama, na kilio chake kilisikika mpaka mlango wa jirani ulipofungwa.

Ulfat akabaki peke yake jikoni. Birika la maji yaliyochemshwa lilikuwa mahali pake, limefunikwa. Kopo la sukari lilikuwepo, na la chumvi lilikuwepo. Vilivyokosekana ni maneno tu.

"Moja, sita, nusu," alinong'ona. Moja ya nini? Sita ya nini? Alifumba macho ili asikie tena darasa lile. Alisikia pa! ya kinyunya na sauti zikivuma, kisha mkia. Moja. Sita. Nusu. Kila alipojaribu kushika mwanzo wa sentensi, alikuta palepale alipokuwa amejifunza kunyamaza.

Alijaribu kufikiri. Sukari ni kitu cha chai na cha sikukuu, itamponyaje mtu? Chumvi ndiyo kali, chumvi ndiyo dawa. Basi sita ni ya chumvi. Alimimina maji kwenye jagi, akatia vijiko sita vya chumvi na nusu ya sukari, akakoroga.

Bi Fikriya alipokea funda la kwanza, uso ukajikunja, akalitema lote kifuani. Alimtazama binti yake. Alitaka kusema jambo, lakini ulimi haukumfuata. Kisha akafunga midomo.

Ulfat alionja. Koo lilimuungua. Akakimbia kulimwaga jagi zima, akarudi akiwa mikono mitupu.

Dirishani kikatokea kichwa cha Bi Hamama, kikongwe wa nyumba ya juu. "Wewe binti! Usimpe maji huyo!" alifoka. "Maji ndiyo yanayoulisha ugonjwa. Mwache tumbo likauke, litafunga lenyewe. Sisi tulilelewa hivyo!"

Na hapo, wasomaji wangu, Ulfat akajaribiwa. Angeweza kumtii kikongwe. Angekaa tu kando ya godoro, amshike mama mkono, na hakuna ambaye angejua kamwe kwamba hakukijua kipimo. Angesema, "Bi Hamama alinikataza." Akisema kweli, Bi Zaafarani atajua, na kwetu jambo alilolijua Bi Zaafarani asubuhi, mchana linajulikana sokoni. Watasema mwalimu Fikriya hakuweza kumfundisha hata wa tumboni mwake.

Alikaa. Akamshika mama mkono. Ulikuwa wa baridi, na vidole vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa. Ulfat alibana ngozi ya mkono ule kidogo, kama alivyomwona mhudumu wa afya akifanya, akaachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama mkunjo wa nguo.

Alimwita, "Mama." Bi Fikriya hakufungua macho.

Ulfat akainuka, akakimbia.

Nyumba ya Bi Zaafarani ilikuwa imejaa. Wanawake waliokutwa na risasi njiani walikuwa wamejihifadhi humo na madumu yao, wameketi ukuta hadi ukuta, kila mmoja na dawa yake mdomoni. Mmoja alisema kitunguu saumu, mwingine mtindi, wa tatu akaapa kwa chai ya rangi isiyo na sukari. Bi Hamama naye alikuwa ameshateremka kuwaongoza. Ulfat alisimama mlangoni, na wote wakamgeukia wakidhani amekuja na habari ya msiba.

"Sikijui kipimo," alisema.

"Nini?" Bi Zaafarani, aliyerudishwa na risasi kabla hajamfikia dereva, aliinuka.

"Sikijui. Nilikudanganya. Nimetia chumvi nyingi, mama ameitema, na sasa hafungui macho." Alianza kulia kwa sauti, bila kujificha. "Naomba mnisaidie. Sikijui!"

"Lakini mimi nakusikia kila siku kupitia ukuta!"

"Hunisikii mimi. Unawasikia wadogo zangu. Mimi navuta mwisho tu. Wewe umesikia yote, Bi Zaafarani, niambie wewe!"

Bi Zaafarani alishika kichwa. "Ole wangu! Mimi nasikia kelele tu, maneno nayafunika kwa redio."

Zogo likazuka, kila mtu akimlaumu mwenzake. Katikati ya zogo hilo Muadhi alipaza sauti: "Muulizeni Arwa! Na mimi nasahau, lakini yeye anayajua yote!"

Wakamtafuta. Arwa alikuwa amejibanza nyuma ya madumu, macho mekundu. Alikuwa amemlaza Nuna mapajani na kizibo cha chupa mkononi, akimnywesha mwanasesere kwenye mdomo usiokuwepo.

Ulfat alipiga magoti mbele yake. "Arwa, mdogo wangu. Mama anafundishaje yale maji? Sema yote."

"Mama alisema mimi nisiwasumbue wakubwa."

"Leo nisumbue. Tafadhali nisumbue."

Arwa akajifuta kamasi kwa Nuna, akanyoosha mgongo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Bi Fikriya kabisa, mpaka mwanamke mmoja akasema Bismillahi. "Maji yaliyochemshwa, lita moja! Kijiko kidogo cha sukari, kimesawazishwa, mara sita! Kijiko kidogo cha chumvi, kimesawazishwa, nusu!"

"Mnamsikiliza mtoto ambaye hajang'oa hata jino?" Bi Hamama alifoka. "Atamuua mama yake!"

"Na kuna nyingine," Arwa aliendelea, "ile anayoisema polepole akitoa mkate. Onja kwanza wewe. Isizidi chumvi ya machozi yako. Ikizidi, mwaga. Usimpe mgonjwa."

Ulfat hakuwahi kuisikia sentensi hiyo. Mkate ulipotoka tanurini, yeye alikuwa ameshaondoka darasani kwa macho na kwa akili.

"Lita ni kiasi gani, Arwa?"

Arwa alifikiri, akainua kizibo cha chupa. "Kama hii?"

Wanawake waliguna, na Bi Hamama akapiga makofi ya dharau. Lakini Ulfat alikuwa ameshasimama. Lita aliijua. Alikuwa akijaza maji kila kukicha, na alijua chupa ya mafuta ya kupikia waliyoitumia nyumbani ilikuwa lita moja kamili. Aliijua kwa uzito wake mkononi.

Alimbeba mdogo wake mgongoni, wakatoka. Bi Zaafarani akafuata, akageuka mlangoni kumkabili Bi Hamama. "Bibi, nakuheshimu, lakini leo kaa hapa. Ukija dirishani tena nitakufungia dirisha usoni."

Arwa alisimama mlangoni mwa jiko, maana hakuruhusiwa kumkaribia mgonjwa, akawa anasema kipimo neno kwa neno. Ulfat alinawa tena, akapima. Maji, chupa moja. Sukari, kijiko kidogo, alisawazisha kwa mgongo wa kisu, mara sita. Chumvi, kijiko kilekile, nusu. Alikoroga mpaka chembe zote zikapotea. Kisha akachovya kijiko safi, akaonja. Machozi yalikuwa bado yanamshuka, na moja lilikuwa limefika pembeni mwa mdomo. Akalilamba. Akaonja maji tena.

"Hayazidi," alisema. "Arwa, hayazidi!"

Bi Zaafarani alimwinua Bi Fikriya kichwa. Kijiko cha kwanza kilimwagikia kidevuni. Cha pili vilevile. Cha tatu, koo likasogea. Ulfat alisubiri kidogo, akampa kingine. Baada ya muda mama akatapika yote, na Ulfat akahisi dunia inamwishia. "Anza tena," Bi Zaafarani alimwambia. "Polepole. Umenisikia? Anza tena." Akaanza tena. Nje risasi zililia, zikanyamaza, zikalia. Chupa ilipokwisha walipima nyingine, na Arwa, sauti imemkauka, aliyasema maneno yote upya, bila kuruka hata moja.

Adhana ya alasiri ilipokuwa inaisha, honi ikalia chini ya kichochoro. Barabara ilikuwa imetulia. Wanawake walewale waliokuwa wakibishana walimbeba Bi Fikriya kwenye blanketi, mmoja kila pembe na wengine katikati, na Ulfat akapanda nyuma ya Hilux, chupa mkononi, akiendelea kumnywesha kila gari liliposimama.

Muuguzi wa kituoni, dada mwembamba mwenye uso wa uchovu, alitafuta mshipa mkononi mwa Bi Fikriya kwa muda mrefu. Alipoupata, alishusha pumzi. "Nani amekuwa akimnywesha?"

"Mimi," Ulfat alisema. Kisha akasahihisha. "Mimi na mdogo wangu. Yeye ndiye aliyekijua kipimo."

"Mngemleta mkavu, nisingepata hata mshipa wa kuingiza sindano. Mwambie mdogo wako hivyo."

Bi Fikriya alirudi nyumbani wiki ile, amekonda, nguo zimemzidi. Bi Zaafarani alijaza nyumba: wageni, ugali laini wa asida, mchuzi, na masimulizi ya siku ile ambayo kila yalipopita mdomoni mwake yalinenepa. Katika masimulizi hayo, yeye alikuwa amepigana na dereva. Jambo moja tu hakulisimulia kwa mtu, nalo ni uongo wa Ulfat. Ulfat alipoona hivyo, alingoja wageni waondoke, akamweleza mama yake mwenyewe: mikia ya majibu, vijiko sita vya chumvi, na jinsi alivyokaa kando ya godoro akitaka kunyamaza.

Bi Fikriya alisikiliza mpaka mwisho. Alimpapasa Arwa aliyekuwa amelala mapajani pake.

"Umenitisha, mwanangu," alisema. "Kutojua kwako hakukunidhuru. Kila mtu kuna asilolijua. Ulipomwambia Bi Zaafarani 'nakijua', ndipo uliponiweka karibu na kaburi, kwa sababu ulimzuia kila mtu kukusaidia. Na uliposema 'sikijui' mbele ya wanawake wote wale, ndipo uliponirudisha. Ukubwa ni kulisema neno hilo mapema, hata ukilisema mbele ya mtoto mdogo kuliko wewe." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi nina langu. Nilikuwa nikipima kelele, nimewapa mgongo. Nilimwambia mwanafunzi wangu mmoja akacheze, na mwingine sikumuuliza kwa nini mabega yanamuuma."

Asubuhi ya kwanza Bi Fikriya alipoweza kusimama, harufu ya unga ilirudi. Muadhi ndiye aliyekuwa ameamka kwenda kwenye foleni, maana sasa kazi hiyo ilikuwa ya zamu. Arwa alikaa katikati ya mkeka, na Nuna alikuwa na nafasi yake. Hakukuwa na kujibu kwa pamoja tena. Kila mmoja aliulizwa peke yake, na aliyejua alimweleza asiyejua, hata kama alikuwa mdogo.

Mama alibandika kinyunya. Pa!

"Ulfat. Mtu ana robo tatu za mkate, akala nusu ya alichonacho. Kabakiwa na kiasi gani?"

Mdomo wa Ulfat ulifunguka kwa mazoea, tayari kusubiri mkia. Hakuna sauti nyingine iliyotoka. Hata ng'ambo ya ukuta redio ilikuwa imezimwa.

"Sijui, Mama," alisema.

Bi Fikriya aliacha kinyunya mkononi, akaupa moto mgongo, akaja kuketi kwenye mkeka mbele yake.

"Haya," alisema. "Tuanze mwanzo."

"Fikriya!" ukuta ukapiga kelele. "Mkate unaungua, nasikia harufu!"

"Uache uungue," Bi Fikriya akajibu, macho yake yakiwa usoni mwa binti yake. "Ninafundisha."